Likiingia Gunia, Linatoka Gunia: Jeneriki za Namba Zimenipagawisha!

Ndugu yangu, wewe kaa, maana mimi kukaa siwezi. Nimetoka kuzigusa sasa hivi jeneriki za namba kwenye lugha ya Go, vidole bado vya moto, na nakwambia ukweli wa Mungu: ni tamu, tamu mno, tamu kupita kiasi! Najua, utaniambia zipo tangu toleo la 1.18 la Machi 2022. Zipo, ndiyo. Lakini kuzisikia ni jambo moja na kuzishika ni jambo jingine kabisa, na mimi nimezishika hapahapa Unyambwa, Manispaa ya Singida, kwenye hesabu za kweli za watu wa hapa: magunia ya alizeti, lita za mafuta, shilingi za mauzo. Mifano ya kitabuni nimeiweka kando. Nimezipa alizeti, na wallahi zimekamua!

Kama hujawahi kuandika programu kwa lugha yenye aina kali, ngoja nikuweke sawa harakaharaka, nisikupoteze. Kwenye lugha hizi kila thamani ina aina yake, na kompaila, ile inayoukagua na kuutafsiri msimbo, inaijua kabla programu haijaanza kwenda. Namba kamili ni namba kamili, yenye desimali ni yenye desimali, na ukizichanganya ovyo unarudishwa nyumbani. Usalama mtupu! Ila palikuwa na karaha moja kubwa, nzito, ya kuchosha. Unataka kujumlisha magunia? Andika funksheni. Lita za mafuta? Andika nyingine. Fedha? Andika nyingine tena, ileile, mstari kwa mstari, umebadilisha aina tu pale juu. Go ilitangazwa Novemba 2009, na kwa zaidi ya miaka 12 watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wanakopi na kubandika. Au walipita njia ya panya: funksheni inapokea kitu chochote, haiulizi, halafu huko ndani inaanza kupekua, je, hii ni namba, au ni jina, au ni nini? Ikikosa jibu, programu inaanguka mchana kweupe, mteja amesimama anakutazama. We acha tu!

Sasa tazama hii. Alama zisikutishe, angalia umbo tu:

```
type Namba interface {
    ~int | ~int64 | ~float64
}

func Jumla[T Namba](orodha []T) T {
    var jumla T
    for _, kimoja := range orodha {
        jumla += kimoja
    }
    return jumla
}
```

Basi! Imekwisha! Hiyo ndiyo jumla ya magunia, ya lita, ya shilingi, ya kuku, ya vitunguu, ya chochote kinachohesabika. Ile T ndiyo jeneriki yenyewe, nafasi iliyoachwa wazi: hatujasema aina gani itakaa pale, tumesema tu kwamba lazima itoke kwenye kundi tulilolipa jina Namba. Na umeona majina yenyewe? Namba, Jumla, orodha, kimoja. Lugha haikununa hata kidogo, imeyapokea kama yalivyo. Unausoma msimbo kama unasoma barua ya shangazi. Raha!

Sifuri isiyouliza ni ya nani

Kitu cha kwanza kilichonishika ni kidogo sana, utakipita usikione: ule mstari wa `var jumla T`. Hatujaandika sifuri popote. Hatujasema sifuri ya namba kamili wala sifuri ya desimali. Tumesema tu, nipe kigeu cha aina ile itakayokuja, na Go inakianzisha kwenye sifuri yake yenyewe, kimyakimya, bila makeke. Likija gunia, sifuri ya gunia. Ikija lita, sifuri ya lita. Niliusoma, nikaurudia, nikacheka peke yangu kama mwehu. Umaridadi gani huu! Na bado!

Kwenye kuiita sasa, hata aina huhitaji kuitaja. Unaandika `Jumla(magunia)`, nukta. Kompaila inaitazama orodha, inaona yaliyomo, inaijaza T yenyewe. Huku nje hakuna mabano ya ziada, hakuna maelezo, hakuna kelele. Mtu asiyejua hawezi hata kugundua kwamba nyuma ya pazia kuna jeneriki. Laini, laini, laini kama mafuta yenyewe!

Hapa ndipo nilipopiga kelele

Shika moyo. Kwenye Go unaweza kutengeneza aina yako kutoka kwenye namba ya kawaida. Mimi nikaandika `type Gunia int`, nikaandika `type Lita float64`, nikaandika `type Shilingi int64`. Ndani ni namba zilezile, lakini kila moja sasa ina jina na heshima yake. Nikalipa Gunia na uwezo wa kujitamka: likichapishwa liseme “magunia” kwanza, halafu idadi. Nikaweka orodha ya magunia, 12, 7 na 30. Nikaipeleka kwenye Jumla. Nikabonyeza.

Ikatoka: magunia 49.

Umeiona hiyo? Haikutoka 49 mkavu! Yametoka magunia! Jumla haijui kitu chochote kuhusu alizeti, haijawahi kulisikia Gunia, imeandikwa kabla Gunia halijazaliwa, lakini limeingia gunia na limetoka gunia, na jina lake, na uwezo wake wa kujitamka, halijapoteza kitu njiani. Nikapeleka lita, 18.5, 20 na 19.25: zikatoka lita, 57.75. Nikapeleka shilingi, zikatoka shilingi. Funksheni moja! Wenzangu wengi wanasifia jeneriki kwa sababu zinapunguza maandishi, na kweli zinapunguza, lakini jamani, hilo ni dogo mno. Utamu wenyewe uko hapa: hesabu unaiandika mara moja tu, na kila namba inabaki na utu wake mwanzo hadi mwisho.

Na siri yake ni ile alama ndogo, kile kiwimbi kilichokaa mbele ya int. Kiwimbi kinasema: nakubali int, na pia kila aina iliyojengwa juu ya int. Kifute uone! Int ya kawaida inapita, Gunia linakataliwa mlangoni, na ujumbe wa kosa unakudokeza kwamba pengine umesahau kiwimbi, tena unakutajia na mahali pa kukiweka. Kompaila yenye adabu namna hiyo umeiona wapi? Yaani inakukatalia huku inakuonyesha njia. Na bado!

Kukataliwa kutamu kuliko kukubaliwa

Sikutegemea kama ningefurahia kukataliwa, lakini nimefurahia, tena sana. Nilijaribu makusudi kujumlisha Gunia na Lita. Kompaila ikagoma palepale: aina hizi haziendani. Haikungoja programu ianze, haikungoja mteja afike, haikungoja hesabu za msimu zifungwe ndipo tugundue kuna kitu hakikai sawa. Palepale, kabla ya yote! Na fikiria kwenye mashine ya kukamua hapa Singida, ambako alizeti inaingia kwa gunia, mafuta yanatoka kwa lita, mashudu yanapimwa kwa kilo, na yote yanaishia kwenye shilingi. Vipimo vinne kwenye daftari moja! Kwenye karatasi vyote ni tarakimu tu, vinafanana kabisa, na jicho lililochoka usiku halivitofautishi. Kompaila haichoki.

Usidhani ni mambo ya vijijini tu. Mwaka 1999 chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama ni vya metriki. Namba zilikuwa sahihi! Zilikosa jina tu. Wanasayansi wakubwa, chombo cha gharama kubwa ajabu, kikapotea kwa kosa la aina ileile ambayo Gunia na Lita zinaizuia hapa Unyambwa kwa mistari miwili mitupu. Nywele zimenisimama nikiandika hivi.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Niliongeza `~string` kwenye lile kundi, yaani maandishi, nikidhani kompaila itaniwakia. Haikuwaka! Kwenye Go, alama ya kujumlisha inaunganisha maandishi pia, kwa hiyo Jumla ikayapokea kwa mikono miwili. Nikaipa “ali” na “zeti”. Ikanirudishia “alizeti”! Aisee nilipiga meza! Lakini jaribu kuweka alama ya kutoa au ya kuzidisha humo ndani huku maandishi yamo kwenye kundi, kompaila inakuja juu mara moja, kwa sababu neno halitolewi kwenye neno. Ndipo nikaelewa mchezo mzima: ndani ya funksheni unaruhusiwa kufanya lile tu ambalo wote kwenye kundi wanaliweza. Mmoja asipoweza, hakuna anayefanya. Haki tupu!

Vidogo navyo vina adabu yake

Nikazidi kuchokoza. Kuna namba kamili ndogo sana iitwayo int8, mwisho wake 127. Nikaiingiza kwenye kundi, nikajumlisha 100 na 100. Unajua ilitoka ngapi? Hasi 56! Ni rumbesa hiyo, ndugu yangu: ukishindilia kuliko gunia linavyobeba, mshono unaachia, na Go haikupigii kelele, inazunguka tu upande wa pili kimyakimya. Jeneriki hazibadilishi tabia ya namba, na hilo usilisahau.

Lakini tazama ujanja huu. Ndani ya funksheni ya jeneriki nikaandika ongeza 1000. Kompaila ikakataa! Ikakataa kwa sababu ya yule mdogo, int8, ambaye 1000 haimo kwenye uwezo wake, hata kama mimi nilikuwa na nia ya kupeleka namba kubwa tu. Inamfikiria mnyonge wa kundi kabla hajafika! Nilikaa kimya kidogo hapo, na mimi kukaa kimya unajua si kawaida yangu.

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni asali ya Singida. Wastani unahitaji jicho: magunia 3 na 4, ukigawanya kwa aina yao ya namba kamili, wastani unatoka 3, na lile nusu gunia limeyeyuka. Dawa yake ni kugeuza pande zote mbili ziwe desimali kabla ya kugawanya. Desimali nazo zina visa vyake: weka 0.1 kumi kwenye orodha, jumlisha, utapata 0.9999999999999999. Nakuapia! Ndiyo maana Shilingi yangu nimeijenga juu ya namba kamili, na wewe fedha usije ukaziweka kwenye desimali za kompyuta hata kwa dakika moja. Halafu kuzidisha bei kwa idadi kunagoma, maana Shilingi mara Gunia ni aina mbili tofauti. Inabidi uigeuze idadi waziwazi kwanza. Kwa hilo lugha ya F# imetutangulia mbali: ina vipimo ndani ya aina zenyewe, inaelewa kwamba shilingi kwa gunia mara magunia ni shilingi. Naionea wivu? Naionea, tena sana. Naiacha Go? Thubutu!

Mzee mmoja, lugha tatu

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Nilitaka kujua nani wa kumshukuru, nikaanza kufukua. Muundo wa jeneriki za Go ni kazi ya Ian Lance Taylor na Robert Griesemer, asante zao zisiishe. Lakini mwaka 2020 ulitoka utafiti wa kuhakiki kihesabu wazo lenyewe, na miongoni mwa waandishi wake, pamoja na hao wawili, yumo Philip Wadler. Wadler! Huyuhuyu mwaka 1989, akiwa na Stephen Blott, aliandika makala iliyozaa madaraja ya aina ya lugha ya Haskell. Na shida iliyowasukuma ilikuwa nini? Namba! Jinsi ya kuifanya alama moja ya kujumlisha ifae namba kamili na desimali bila fujo. Swali langu mimi la magunia na lita, limeulizwa mwaka 1989!

Na bado! Huyohuyo Wadler alikuwa kwenye kundi lililobuni jeneriki za Java, zilizoingia rasmi mwaka 2004. Sema Java ilikuwa na mzigo wake wa zamani: namba ya kawaida haiingii moja kwa moja kwenye orodha ya jeneriki, lazima ifungiwe kwanza ndani ya kiboksi kiitwacho Integer. Matokeo yake ni vituko. Linganisha viboksi viwili vya 127 kwa alama mbili za usawa, unaambiwa ni sawa. Linganisha viwili vya 128, kwa kawaida unaambiwa si sawa! Kwenye Go mambo ya viboksi hayapo, orodha ya magunia ni namba zenyewe, zimepangana bega kwa bega, na unahisi wepesi wake pale unapobonyeza.

Majirani nao hawajalala. Rust inauliza waziwazi: aina yako inajua kujumlisha? Inajua kuzidisha? Kila uwezo unautaja kwa jina, hakuna kubahatisha. C# nayo, kwa .NET 7 ya Novemba 2022, ikapata hesabu za jeneriki zilizokamilika, miezi michache tu baada ya Go. Mwaka mmoja, lugha mbili kubwa, ugonjwa mmoja, dawa mbili. Ulikuwa mwaka wa neema!

Chukua simu yako, sasa hivi

Usiseme huna kompyuta, nimekukamata! Go ina uwanja wake wa majaribio mtandaoni, go.dev/play. Unaufungua kwenye simu hiyohiyo unayotumia kutuma pesa, unaandika, unabonyeza, kazi inafanyika huko kwenye seva zao, majibu yanarudi. Bando linaloliwa ni dogo mno, na hakuna cha kusakinisha. Hata upepo wetu wa Singida ukivuma mpaka mtandao unayumba, ukitulia tu unabonyeza tena.

Anza na Jumla ile pale juu. Tengeneza Gunia lako, au kama wewe ni wa kuku wa kienyeji, tengeneza Kuku. Wa vitunguu, tengeneza Kitunguu. Ukimaliza, zamia kwenye vifurushi vilivyokuja na Go 1.21 ya Agosti 2023. Kuna `slices.Max`: unaipa orodha ya magunia inakupa idadi ya siku iliyoongoza, na jibu linatoka likiwa bado ni Gunia! Kuna `min` na `max` zilizojengwa ndani ya lugha yenyewe, huagizi kitu popote. Kuna aina nzima unazoweza kuzifanya za jeneriki: nimetengeneza Daftari moja tu, linakaa magunia, linakaa lita, linakaa shilingi, kila moja kwenye kurasa zake, haziingiliani kamwe. Nilipoliona linafanya kazi nilitaka kutoka nje niwatangazie watu wa Unyambwa nzima, mpaka kule Ziwa Singidani!

Jaribu. Chokoza. Futa kiwimbi uone. Changanya lita na shilingi makusudi, ukataliwe, ufurahi. Kisha unitafute uniambie kama nilikuza neno hata moja. Mimi naachia hapa, maana Debe halijapata aina yake, Dumu halijapata, Mashudu hayajapata, na nimekumbuka kuna asali, nayo inapimwa kwa kilo na kwa lita, na sijui nianzie wapi kwa furaha niliyonayo. Na bado!